Faida ya mlanguzi wa raba haina jasho

Hakuna ubaya kununua kitu kwa elfu kumi na kukiuza kwa elfu kumi na tano. Miji yetu ya pwani ilikua kwa biashara ya namna hiyo tangu enzi za majahazi, na hadi leo ziko familia nyingi Kariakoo na Gikomba zinazokula, kusomesha na kujenga kwa tofauti hiyo ya elfu tano. Kwa hiyo anayetaka kuwalaumu vijana wa Marekani wanaonunua raba mpya asubuhi na kuziuza jioni kwa bei mara tatu lazima akubali kwanza kwamba faida si haramu, kisha aeleze wamekosea wapi. Mimi nasema wamekosea. Nasema pia kwamba shamba la kosa hilo lililimwa na wenye viwanda, na walanguzi wamekuja kuvuna tu.

Mapenzi ya raba hayakuanza na walanguzi. Katika miaka ya 1970 na 1980, vijana wa Harlem, Bronx na Brooklyn waliocheza kikapu katika viwanja vya wazi walianza kutambuana kwa viatu. Mtu alipanda treni kwenda mtaa wa mbali, akambembeleza mwenye duka amruhusu kushuka stoo, akachakura maboksi yenye vumbi akitafuta rangi ambayo mtaani kwao hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Sifa ilitokana na kutafuta, halafu na kuvaa. Mwaka 1985 Nike waliingiza sokoni Air Jordan ya kwanza kwa dola 65, na mwaka uliofuata wanamuziki wa kundi la Run-DMC wakaimba kusifu Adidas zao. Kuanzia hapo kiatu cha michezo kikawa vazi la heshima, na kampuni zikajua kwamba zimeshika kitu kikubwa.

Zikajua pia kwamba kitu adimu hujitangaza chenyewe. Februari 2005 duka dogo la Reed Space, mtaa wa Orchard huko New York, lilitoa Nike Dunk ya kijivu yenye picha ya njiwa, kazi ya mbunifu Jeff Staple. Zilitengenezwa jozi 150 tu. Watu walikuwa wamelala nje kwenye baridi, vurugu ikatishia kuzuka, polisi wakaitwa, na waliofanikiwa kununua ikabidi wasindikizwe hadi kwenye teksi wasije wakaporwa njiani. Kesho yake habari hiyo ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Post. Hakuna tangazo la kulipia ambalo lingeifanyia kampuni kazi kubwa kama ile.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 2016, kikundi cha wafanyabiashara wa Detroit kilianzisha StockX, soko la mtandaoni linaloonyesha bei ya kila raba ikipanda na kushuka kama hisa. Kijana aliyekuwa akitazama kiatu na kuwaza kitakavyokaa mguuni akaanza kutazama mchoro wa bei na kuwaza auze lini. Air Jordan ya msanii Travis Scott iliyotoka mwaka 2019 iliuzwa dukani kwa dola 175, na mara moja ikawa inalanguliwa kwa zaidi ya dola 1,000. Mtu aliyeipenda na mtu ambaye hata hakuwa na mpango wa kuifungua boksi walisimama foleni moja, na wa pili ndiye aliyekuwa na sababu kubwa zaidi ya kushinda.

Ili kupima nani ana haki ya faida yake, twende kwa mtu anayeuza viatu vilivyokwisha kuuzwa mara moja, nasi tunamheshimu. Nenda soko la Karume, Ilala, alfajiri bero la mitumba linapofunguliwa. Muuzaji amelinunua likiwa limefungwa, hajui atakuta nini. Kamba zikikatwa anakagua jozi moja moja: anaingiza mkono ndani kupapasa kama bitana imechanika, anabonyeza soli kwa kidole gumba aone kama imekauka, anageuza kisigino kutazama kimelika upande gani. Vinavyofaa vinasuguliwa kwa mswaki na sabuni ya unga, vinajazwa magazeti ili virudi umbo, vinaanikwa kivulini gundi isije ikaachia. Vilivyobanduka vinapelekwa kwa fundi. Vibovu ni hasara yake mwenyewe. Kiatu hicho kilikuwa kimetupwa na mtu wa mbali, na huyu ndiye aliyekifikisha kwa mtu ambaye bila yeye asingekipata. Nikimlipa mara tatu ya alichonunulia nimelipia macho yake, mikono yake na hasara aliyokubali kuibeba.

Kipimo ndicho hicho: muuzaji amemfanyia nini mnunuzi? Duka la Flight Club la New York, lililoanzishwa mwaka 2005 kupokea na kuuza raba adimu za watu, linapita mtihani huu vizuri. Anayetaka kiatu cha mwaka 1989 hawezi kwenda kukiomba kiwandani. Lazima awepo mtu wa kukitafuta, kukihakiki kwamba si feki, kukitunza na kukisubirisha mpaka mwenye hamu nacho aje. Bei yake iwe kubwa, ni haki yake.

Mlanguzi wa raba mpya hana kazi hata moja kati ya hizo. Kiatu kinatoka kiwandani, bei imeshatangazwa, duka liko kwenye simu ya kila mtu, na mnunuzi yuko macho pesa ikiwa tayari. Hakuna umbali wa kusafirisha wala uchafu wa kuosha. Anachofanya ni kujipenyeza kati ya mkono wa mnunuzi na rafu, akakichukua kile mwenzake alichokuwa anakaribia kukishika, kisha akamgeukia na kumwambia kwamba sasa kimepanda bei. Hajamletea kitu. Amemwondolea kitu, na anataka alipwe ili akirudishe.

Waislamu wa pwani hii watalitambua jambo hili haraka. Mtume alikataza wafanyabiashara kutoka nje ya mji kuupokea msafara na kununua bidhaa kabla hazijafika sokoni, ili wenye mali wasipunjwe, nao watu wa mjini wasizibiwe nafasi. Ununuzi na uuzaji vilibaki halali. Kilichokatazwa ni kulitangulia soko kabla halijafunguliwa kwa wote. Ukiitazama biashara ya raba leo, utaona msafara unapokelewa njiani kila Jumamosi.

Unapokelewa kwa programu za kompyuta. Programu hizi hujaza jina, anwani na namba ya kadi kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi kuifikia. Hupitia njia nyingi za intaneti kwa wakati mmoja ili mtu mmoja aonekane kama watu mia. Hata anwani ya nyumba moja huandikwa kwa namna kumi tofauti, herufi ikiongezwa hapa na kupunguzwa pale, ili duka lisigundue kwamba maboksi yote yanakwenda mlango mmoja. Programu zenyewe zinauzwa kwa mamia ya dola, na zile zenye sifa zimewahi kulanguliwa kwa maelfu. Kijana anayebonyeza simu yake saa nne kamili asubuhi, kama alivyoambiwa, anakuta viatu vimekwisha. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu chenyewe kinauzwa kwa bei ambayo mpenzi wa kawaida wa raba hawezi kuimudu.

Hapa ndipo ninapomjibu anayewatetea walanguzi kwa hoja ya umaskini. Hoja hiyo ina uzito, na siwezi kuipita juu juu. Kwa miaka mingi, kijana wa mtaa wa hali ya chini Marekani, asiye na mtaji wala mtu wa kumwekea dhamana benki, aliweza kukopa dola 170, kukesha nje ya duka usiku kucha, na kesho yake kupata pesa ya kodi au ya ada. Yule alitoa jasho. Alitoa usingizi wake, alivumilia baridi, na aliyenunua kwake alikuwa amekwepa mateso hayo hayo. Simhesabu pamoja na walanguzi ninaowasema. Lakini huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufukuzwa sokoni programu zilipoingia. Wanaotumia jina lake kutetea biashara ya leo wanamtetea mtu ambaye biashara hiyo hiyo imeshamnyang'anya nafasi.

Baya zaidi ya programu ni mlango wa nyuma. Viatu vinafika dukani, na kabla duka halijafunguliwa, meneja au mfanyakazi ameshawatengea marafiki zake jozi za kuuza. Hilo ni usaliti wa wazi kwa watu waliopanga foleni mbele. Na uhusiano wa namna hii umeonekana hadi ghorofa za juu. Mwaka 2021 jarida la Bloomberg Businessweek liliandika habari za kijana wa miaka 19 aliyekuwa na biashara kubwa ya kuuza raba, akitumia kadi ya malipo yenye jina la mama yake. Mama huyo, Ann Hebert, alikuwa makamu wa rais wa Nike akisimamia Amerika Kaskazini, na alikuwa na zaidi ya miaka 25 katika kampuni. Alijiuzulu Machi mwaka huo. Nike ilieleza kwamba tangu 2018 alikuwa ameshawapa taarifa za biashara ya mwanawe, na kwamba haikuona kanuni iliyovunjwa. Mimi naiona kauli hiyo kuwa nzito kuliko kujiuzulu kwenyewe. Kampuni inayowaambia wateja kwamba inapambana na ulanguzi ilijua kwamba nyumbani kwa kiongozi wake ulanguzi unafanyika, na kanuni zake hazikuwa na la kusema. Kikulacho ki nguoni mwako.

Pesa ya haraka ikishazoeleka, wizi wa wazi hauko mbali. Katika mji wa Eugene, jimbo la Oregon, ndiko ilikoanzia kampuni iliyokuja kuwa Nike, na huko huko duka la Zadeh Kicks lilikuwa likipokea malipo ya raba kabla hazijatoka. Waendesha mashtaka wa serikali walisema mwaka 2022 kwamba kwa toleo moja tu la Air Jordan 11 la mwishoni mwa 2021, mwenye duka alipokea oda za jozi zaidi ya 600,000, na alizoweza kupata zilizidi 6,000 kidogo tu. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wanaolipia viatu kwenye kurasa za Instagram kwa ahadi kwamba mzigo uko njiani wazisome tarakimu hizo mara mbili. Anayekuuzia asichonacho amekwisha kuondoka kwenye biashara.

Kuna wanaosema haya yote ni makelele juu ya anasa. Raba si unga wala dawa, asiyepata avae nyingine. Nawajibu kwamba haki haisubiri kitu kiwe cha lazima ndipo ihusike. Foleni ya kitu cha anasa ni foleni bado, na anayeivunja anamdhulumu mtu yule yule. Tena anasa hii imeshamwaga damu. Mwaka 1989 mvulana wa miaka 15 huko Maryland aliuawa kwa sababu ya Air Jordan zake, na mwaka uliofuata jarida la Sports Illustrated liliweka suala la mauaji ya viatu kwenye ukurasa wake wa mbele. Desemba 2011, zilipotoka Air Jordan 11 zijulikanazo kama Concord, polisi karibu na Seattle walitumia dawa ya kuwasha kutawanya umati wa wanunuzi. Kiatu kinachojulikana kwamba jioni kitakuwa na thamani mara tatu ni noti mguuni, na noti mguuni humwita mwizi.

Wengine wanatumia hoja ya soko huria: bei ikipanda, kiatu kinakwenda kwa anayekithamini zaidi. Lakini mwenye mali ameshatamka bei yake. Nike walipoandika dola 175 walikuwa wanatoa ahadi kwamba mfanyakazi wa kawaida na mwanafunzi wataweza kununua. Kama wangetaka kiatu kiende kwa mwenye fungu kubwa, wangekipeleka mnadani, na wasingemficha mtu. Tofauti kati ya dola 175 na 1,000 ni zawadi iliyokusudiwa mpenzi wa kiatu, na mlanguzi ndiye anayeitia mfukoni.

Sasa niwageukie wenye viwanda. Wanaijua hesabu hii kuliko mtu yeyote. Viatu vichache, bei ya kati, na siku moja ya mauzo huzaa foleni. Foleni huzaa habari. Habari huzaa bei ya ulanguzi. Na bei ya ulanguzi humfanya asiyepata anunue raba nyingine ya chapa ile ile iliyojaa dukani. Novemba 2018 Nike walitoa Air Jordan 1 iliyoitwa "Not For Resale", yaani isiyo ya kuuzwa tena, na baadhi ya maduka yakamtaka mnunuzi aifunge kamba na kuivaa pale pale kabla ya kutoka, ili isiweze kuuzwa kama mpya. Ililanguliwa hata hivyo. Malalamiko ya wateja yaligeuzwa kuwa bidhaa, na bidhaa ikaingia kwenye ulanguzi uleule.

Kwamba dawa iko mikononi mwao limeshathibitika. Dunk nyeusi na nyeupe inayoitwa Panda ilitoka mwaka 2021 kwa dola 100, ikalanguliwa kwa bei kubwa. Nike wakaendelea kuitoa tena na tena mpaka kila mtaa ukawa nayo, na bei ya walanguzi ikaporomoka hadi karibu na ya dukani. Hakuna polisi aliyehitajika. Kizuri chajiuza, na kikitengenezwa cha kutosha hakihitaji mtu wa kati. Wapo waliolalamika kwamba Panda imekuwa ya kila mtu na haina hadhi tena. Kama hadhi ya kiatu inategemea wenzako wakikose, basi si kiatu unachokipenda.

China imeshaonyesha upepo huu wa ulanguzi unavyoweza kuvuma. Oktoba 2019 tawi la benki kuu mjini Shanghai lilitoa onyo kuhusu watu kuchezea bei za raba kama hisa. Mwaka 2021 raba moja ya Li-Ning iliyouzwa yuan 1,499 ilitajiwa yuan 48,889 kwenye soko la mtandaoni. Hakuna aliyekuwa ananunua kiatu hapo. Watu walikuwa wananunua tumaini kwamba atatokea mjinga zaidi yao.

Na kiatu ni kitu kibaya mno cha kuwekea akiba, kwa sababu ya jinsi kilivyotengenezwa. Soli ya kati ya raba nyingi za zamani ni povu la poliurethani. Unyevu wa hewani hulila povu hilo polepole hata likiwa ndani ya boksi, ndani ya karatasi yake, kabatini. Chukua Air Jordan ya mwaka 1989 ambayo haijavaliwa hata siku moja. Kwa macho inang'aa. Ivae, piga hatua chache, na soli inaanza kupasuka, kisha inamomonyoka vipande vipande sakafuni na kuacha unga viganjani. Dhahabu haifanyi hivyo. Anayemuuzia kijana wazo kwamba raba ni urithi wa kumwachia mwanawe anamdanganya.

Hata raba iliyofika bei ya ajabu katika mnada haikuipata kwa kukaa ndani ya boksi. Aprili 2023 Sotheby's waliuza kwa dola milioni 2.2 Air Jordan 13 ambazo Michael Jordan alizivaa katika fainali za mwaka 1998. Thamani ile ilitokana na mguu ulioingia ndani na mchezo uliochezwa. Katika utamaduni huu wote, kiatu cha bei kubwa namna ile ni kiatu kilichotoa jasho.

Nini kifanyike? Kampuni zitangaze hadharani idadi ya jozi na maduka zitakakopelekwa kabla ya siku ya mauzo. Ziendeshe droo ya kweli, mtu mmoja jozi moja, kwa kuthibitisha utambulisho wake. Ziwazuie wafanyakazi na familia zao kufanya biashara ya bidhaa hizo, na kanuni hiyo iwahusu wakurugenzi kabla ya wauzaji wa dukani. Masoko ya mtandaoni nayo yabebe dhamana ya yanachokiuza. Machi 2025 jaji wa New York aliamua kwamba StockX inawajibika kisheria kwa kuuza jozi 37 za bandia, baada ya kuwaahidi wateja kwamba kila kiatu kinahakikiwa. Nayo Marekani ina sheria ya mwaka 2016 inayokataza programu za kukwepa ulinzi wa mitandao ya tiketi za matamasha na michezo. Miswada ya kuipanua ifike kwenye bidhaa nyingine imewasilishwa zaidi ya mara moja bila kupitishwa. Ipitishwe.

Sisi wanunuzi tuna sehemu yetu pia. Bei ya dola 1,000 haipo mpaka atokee wa kuilipa. Anayesubiri miezi michache mara nyingi hukuta moto umepoa na toleo jingine limetoka. Mwenye jozi isiyomtosha amuuzie mwenzake kwa bei aliyonunulia, kama ambavyo wapenzi wa kweli wa raba wamekuwa wakifanyiana siku zote. Na mwenye rundo la maboksi yasiyofunguliwa ajiulize anamkosesha nani.

Mambo hayo yakifanyika, mchuuzi wa raba hatafutika. Atabaki na kazi ambayo imekuwa halali tangu zamani: kutafuta kile ambacho wengine hawawezi kukipata, kukihakiki, kukisafisha, kukifikisha kwa anayekitaka, na kubeba hasara kama amekosea. Kwa kazi hiyo ataje bei yake, nami nitailipa bila kinyongo.